Walijua wote, mimi nikawa nahangaika na malaria

Anti, shikamoo. Pengine nimekuzidi umri, lakini leo acha nikuamkie tu.

Ni saa kumi usiku, naandika kwa simu nimekalia ndoo jikoni. Chumba cha pili mwanangu ana arosto, mwili unadai dawa za kulevya alizozikosa. Miayo haikatiki, kamasi zinamtiririka, anatapika, anasema mifupa inamuuma kama inasagwa. Funguo za geti nimezifukia kwenye ndoo ya sembe. Jana dukani nilishindwa hata kumwambia Mangi anipimie unga. Neno lilinikwama kooni, nikanunua mchele.

Juzi alikuwa anakula. Tonge liko mkononi, ameshalichovya, kichwa kikaanza kushuka taratibu huku mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, wala hana habari. Namwita, anasema "nimechoka tu mama," analala tena. Nikaenda kupekua chumbani kwake. Chini ya godoro nikakuta sigara zimetolewa tumbaku na vipande vya nailoni vidogo vimefungwafungwa kama vya binzari ya mia.

Nikavifunga kwenye pindo la kanga, mbio kwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Anti, hakuniuliza hivi ni nini. Aliniuliza, "Kwani umejua lini?"

Umejua lini! Kumbe mumewe alimwona tangu mwaka jana kwenye pagala la mtaa wa nyuma. Muuza chipsi anajua. Bodaboda wa kijiweni wanajua mpaka anayewauzia kete. Nikamuuliza kwa nini hukuniambia, akasema, "Tulijua unajua, unaona aibu." Mimi niliyempeleka zahanati mara tatu? Joto linampanda linashuka, viungo vinauma, kipimo hakionyeshi kitu, nikanunua mseto mwenyewe nikamnywesha nikidhani mashine yao mbovu. Tumezikiana, tumefundiana mabinti, halafu unaniacha namtibu mtoto malaria.

Usifikiri mimi ni mama wa kuzurura. Naamka saa kumi na moja, baba yao yuko mgodini Geita, anarudi kila baada ya wiki sita (huyo niachie mwenyewe, nitajua namna ya kumwambia). Kijana amemaliza kidato cha nne vizuri tu, tulikuwa tunasubiri chuo. Ukuta ninao, geti ninalo, mbwa ninaye. Kwenye mkutano wa mtaa, walipozungumzia ulinzi shirikishi, nilisimama mimi nikasema wavuta unga wanatoka kule bondeni kwenye vyumba vya kupanga, watoto wetu sisi wapo ndani ya geti. Watu wakakohoa. Nilidhani vumbi.

Na yule jirani alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwangu. Kimya!

Sawa, niseme ukweli, kuna mtu aliniambia. Binti wangu wa kazi, mtoto wa Singida. Alisema, "Mama, kaka anajifungia chooni na moshi wake si wa sigara." Ilikuwa wiki uliyopotea mtungi mdogo wa gesi, feni ilikuwa imeshatangulia. Nikaona anataka kumsingizia mwanangu. Nikamfukuza na mshahara wa mwezi sikumpa, nikasema ni wa mtungi. Lakini yule ni mtoto, Anti, angewezaje kunishawishi? Jirani ni mtu mzima mwenzangu, ndiye alipaswa kuniketisha.

Nesi tunayesali naye ameniambia nisimfungie ndani, nimpeleke akapimwe, ikionekana ni heroini aanzishiwe methadoni, dawa ya kunywa ya kumsaidia kuiacha. Muhimbili walianza tangu 2011, na Mwananyamala ipo, hailipiwi. Anakunywa pale pale mbele ya mhudumu, kila siku. Kila siku! Apange foleni kila asubuhi mtu wa kwetu apite amwone? Nikafikiria sobahausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha dawa, nako wanataka ada ya mwezi. Namba 119 ya Mamlaka ya dawa za kulevya nimeibonyeza mara mbili nikakata kabla haijaita. Sitaki akamatwe. Ikifika usiku kama huu nataka akamatwe.

Lakini silo lililonifanya nikuandikie. Saa nane hivi, katikati ya kutetemeka, alinitajia anayevuta naye. Ni mtoto wa mweka hazina wa kikoba chetu. Huyo mama ni shoga yangu, na wiki iliyopita tu aliniambia mwanaye ana malaria sugu, amebadilishiwa dawa mara mbili. Nikampa pole. Nikamwelekeza na zahanati.

Jumapili tunakutana kwake. Nikimwambia, atasema mwanangu ndiye aliyemharibia wake, na kikoba kizima kitajua kabla hatujagawana sabuni. Mtu hapendi kuambiwa mabaya ya mwanaye, hata mimi nisingependa. Tena huenda anajua, anaona aibu tu. Ila sanduku letu linalala chumbani kwake. Lina kufuli tatu na funguo moja ninayo mimi, lakini mtungi wa gesi nao ulitoka humu ndani na geti limefungwa.

Yule jirani sijamsalimia tangu juzi na sidhani kama nitamsalimia tena.

Nijibu kabla ya Jumapili. Ukichapisha, mtaa usiutaje, andika Mbezi tu, ni kubwa. Na kama kuna njia ya kumtumia mtu hela kwa namba ya zamani ambayo haipatikani tena, niambie, maana ya yule binti nimeipiga tangu jana.

Mama wa Mbezi