Steam Deck: tundu moja la USB-C, chaja, na hadidiski inayogoma

Malalamiko ya Steam Deck, ile mashine ya gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, yanafanana sana. Hadidiski ya nje inawaka taa kisha inazima. Kipanya kisicho na waya kinakwamakwama. Mashine inaonya kwamba chaja ni ya polepole, na chaja yenyewe ndiyo ileile iliyotoka kwenye boksi. Mwenye mashine anaamini tundu limeungua, anaanza kuulizia bei ya kubadilisha. Kabla hujafika huko, piga kwanza hesabu ya umeme, halafu angalia unaanza kuchomeka nini.

Deck ina tundu moja tu la USB-C, lile la juu. Chaji inaingia humo, picha ya kwenda kwenye TV inatoka humo, na kila kifaa cha USB kinasoma kupitia humo. Ukitaka vitu viwili kwa pamoja inabidi upate habu, yaani kile kigawanyo cha matundu, au doki, yaani kituo cha kuegeshea Deck chenye matundu yake. Matatizo mengi huanzia hapo.

Umeme unaokwenda kwenye vifaa vidogo ni wa volti 5. Kwa kanuni za USB, tundu la USB 2.0 linatakiwa kutoa hadi miliampea 500, sawa na wati 2.5, na la USB 3.0 miliampea 900, sawa na wati 4.5. Kibodi ya kawaida ya waya haifiki miliampea 100, ila zile zenye taa za rangi zinazocheza zinaweza kukaribia 500. Flashi nyingi hula kati ya 100 na 300. Mkorofi ni hadidiski ya inchi 2.5, ile inayozunguka. Ikishashika mwendo hutulia kwenye miliampea 400 hadi 600, lakini sekunde zile za mwanzo mota inapoanza kuzungusha sahani hutaka takriban ampea 1 nzima. Isipoipata utaisikia: inavuma, inatoa “tik”, inanyamaza, inavuma tena. Usiiache iendelee hivyo ukidhani itakaa sawa yenyewe. Chomoa. Kila “tik” ni kichwa cha kusomea kinarudishwa mahali pake kwa ghafla, na diski nzima inaweza kufa kwa sababu ya njaa ya umeme tu. Hadidiski ya inchi 3.5 ndiyo usihangaike nayo kabisa bila adapta yake, kwa kuwa inahitaji volti 12 ambazo matundu ya habu hayatoi.

Hata umeme ukitosha, kumbuka unatoka wapi. Deck ya kwanza, ya mwaka 2022, ina betri ya saa-wati 40. Ya OLED iliyotoka Novemba 2023 ina 50. Gemu nzito ikila wati 20 kwenye ile ya kwanza, unapata saa 2. Ongeza hadidiski ya wati 3, zinabaki saa 1 na dakika 44. Kwa safari, kadi ya microSD ina faida kubwa kuliko diski yoyote ya kuning’inia.

Habu yenye tundu la chaji

Habu isiyo na chaja haiongezi umeme wowote. Matundu manne yaliyopo yanagawana kile kidogo kinachotoka kwenye Deck. Unachohitaji ni habu yenye tundu la kuingizia chaji, ambalo huandikwa PD. Na hapa kuna jambo linalochanganya watu: tundu hilo la PD kwa habu nyingi ni la chaji tu, halisomi data. Flashi ya USB-C ukiichomeka hapo haitaonekana, na wala haijafa.

Chaja ya Deck ni ya wati 45, volti 15 kwa ampea 3. Ukiipitisha kwenye habu, habu inajitengea fungu lake kwanza, mara nyingi kati ya wati 5 na 15, kwa ajili yake na vifaa vyake. Kwa hiyo Deck inaambiwa kuna wati 30 hadi 40 tu, na ndipo lile onyo la chaja ya polepole linapoweza kutokea. Chaja haina kosa. Ukicheza gemu nzito betri inaweza kupanda kwa mwendo wa kinyonga, au isipande kabisa. Dawa ni chaja ya wati 65: habu ikichukua 15, bado Deck inapata zaidi ya 45 zake. Wanaoogopa kwamba wati 65 zitaunguza mashine watulie, kwa sababu Deck ndiyo inayoomba kiasi inachotaka, chaja haiwezi kuisukumia. Soma tu maandishi madogo ya chaja uhakikishe pameandikwa 15V 3A. Chaja za matundu mawili zina ujanja wake: inayotoa 65 ikiwa peke yake hushuka hadi 45 au chini ya hapo mara unapochomeka simu pembeni. Pawabenki nazo ni vivyo hivyo.

Huku kwetu Valve haiuzi Deck rasmi, ndiyo maana chaja hufika na plagi ya nchi ilikonunuliwa. Chaja yenyewe inakubali volti 100 hadi 240, hivyo kigeuzi cha plagi cha pini tatu kinatosha. Transfoma ya kushushia umeme haihitajiki.

Utaratibu wa kuchomeka

Huu ndio unaookoa diski za watu. Chomeka chaja ukutani na kwenye habu kwanza. Kisha habu kwenye Deck. Subiri alama ya chaji itokee. Mwisho kabisa, hadidiski. Kutoa ni kinyume chake: diski kwanza, chaja mwisho.

Sababu ni hii. Ukianza na diski, Deck ndiyo inayotoa umeme. Ukileta chaja baadaye, mwelekeo unageuka: Deck iliyokuwa inatoa sasa inapokea. Kwenye habu za bei rahisi, wakati wa kugeuka huko zile volti 5 za vifaa hukatika kidogo sana, chini ya sekunde. Kibodi itazima na kuwaka, hutajali. Diski iliyokuwa katikati ya kuandika inapotea ghafla, na ukiirudisha unakuta faili zimeharibika au Steam, programu inayotunza gemu zako, inasema gemu halipo. Umeme wa nyumba ukikatika, kinachotokea ni hichohicho. Deck ina betri, itaendelea kama vile hakuna kilichotokea, lakini diski inaweza kukatika. Ndiyo maana mtaa wenye umeme wa kukatikakatika si mahali pa kupakulia gemu la gigabaiti 100 kwenye diski ya nje. Lipakue kwenye hifadhi ya ndani, ulihamishe baadaye. Pia usilaze Deck (sleep) wakati gemu linaendeshwa kutoka diski ya nje; lifunge kwanza.

Diski ya gemu ifomatiwe kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Tangu SteamOS 3.5, programu endeshi ya Deck, kazi hiyo inafanyika ndani ya Deck yenyewe, kwenye mipangilio upande wa hifadhi, na diski ya ext4 inajisoma ikichomekwa. Kufomati kunafuta kila kitu, kwa hiyo hamisha picha za harusi kwanza. exFAT, mfumo mwingine wa faili, inafaa kubebea filamu na nyaraka kwenda kwenye kompyuta ya Windows, lakini gemu za Windows zinazopitia Proton, programu inayoziwezesha kuchezeka kwenye Deck, huhitaji viungo vya faili ambavyo exFAT haina, zinagoma kufunguka.

Kipanya na pedi zisizo na waya zina kisa chao. Vifaa na kebo za USB 3.0 zinapofanya kazi hutoa kelele ya redio kwenye masafa ya 2.4 GHz, masafa yaleyale ya vijidongo vya kipanya (vile vipokezi vidogo vya USB), Bluetooth na Wi-Fi ya zamani. Kidongo kikibanana na diski kwenye habu moja, mshale unaruka. Tumia eksitensheni fupi ya USB 2.0, hata ya sentimita 30, ukisogeze kidongo pembeni. Wi-Fi ihamishie 5 GHz.

Ukitaka kujua kama kebo inakudanganya, ingia hali ya kompyuta (Desktop Mode), fungua Konsole, dirisha la kuandikia amri, andika `lsusb -t`. Mwisho wa kila mstari kuna kasi. 5000M au 10000M ni USB 3. Diski ya USB 3 ikionyesha 480M inakwenda kwa mwendo wa USB 2: kebo ni ya chaji, au habu ni ya zamani, au plagi haijaingia hadi mwisho. Isipoonekana kabisa kwenye orodha, ijaribu kwa kebo nyingine kabla ya kuilaani.

Tundu lenyewe linakufa zaidi kwa uzito kuliko kwa umeme. Limechomelewa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, na habu ya chuma inayoning’inia juu inalivuta kila unapotikisa mashine. Chagua habu yenye mkia wa waya, uilaze mezani. Plagi ikianza kulegea, zima Deck umulike ndani: mara nyingi ni pamba na vumbi lililoshindiliwa chini. Lichokonoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mbao, usiguse ule ulimi wa katikati, na usitumie pini wala sindano.

Ukifanya yote hayo na bado inagoma, ilete dukani kwetu. Njoo na chaja, habu na kebo zako, si Deck peke yake. Tunaweka mita ya USB kati ya habu na kifaa tuone volti zinashuka hadi wapi kifaa kikianza kuvuta. Ikiwa zinaanguka chini ya 4.5, tunabadilisha kebo, kisha habu, kisha chaja, kimoja kimoja. Tundu tunaligusa mwisho.