Barua ya Wazi kwa Vijana Waandishi wa Ripoti: Nani Ameelimika?

Wanangu mnaoandika habari na ripoti za miradi,

Nimevumilia vya kutosha. Kila semina ya saa mbili ikiisha, mnaandika: "Washiriki 60 wameelimika." Nani aliwapima? Walikuja, wakaketi, wakatia saini kwenye orodha, wakaondoka. Tuseme wameelimishwa, na hata hilo lina walakini.

Tazameni viambishi. Neno elimu tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa nomino, ndiyo maana hatuna kitenzi "elima". Vitenzi tumeviunda wenyewe. Kwa -ish- tunapata elimisha, kumtia mtu elimu. Ongezeni -w-, elimishwa: sasa mtendaji yupo hata asipotajwa. Lakini -ik- hueleza hali. Kikombe kikivunjwa, yuko aliyekivunja. Kikivunjika, tunaona vipande tu. Basi ameelimika ni dai zito: elimu imemwingia, imemkaa, inaonekana katika anavyoamua na anavyotenda. Kati ya kutia na kuingia ndipo kazi kubwa ilipo, nanyi mnairuka kwa herufi mbili! Na lawama si yenu peke yenu. Jamii nzima imezoea kuhesabu viti vilivyojaa na vyeti vilivyogawiwa, kisha ikashangaa mwenye cheti akishindwa kazi.

Kosa la pili ni kulibebesha elimisha mizigo ya wenzake. Aliyemlipia mwanawe ada hadi chuo kikuu amemsomesha (ingawa kwa watu wa pwani na visiwani kusomesha ni kufundisha pia). Anayeonyesha namna ya kuendesha mashine anafundisha. Kungwi humfunda mwari. Mtoto hulelewa na kuadibishwa. Na tangazo kwamba ofisi itafungwa kesho ni kuarifu, jamani, halina elimu yoyote ndani yake.

Msomi naye mwachieni nafasi yake. Jina hilo linatoka kwenye kusoma, na mtu aweza kusoma sana asielimike. Aweza pia kuelimika bila kukanyaga darasa, kwa hiyo msiandike "hajaelimika" mnapotaka kusema hakwenda shule. Neno hilo linaumiza watu wazima wenye hekima yao.

Kuna neno moja ningependa mlipende kama ninavyolipenda: kujifunza. Lichambueni: ni kufunza, na -ji- ya kujirejea. Kiswahili kinasema anayejifunza anajifundisha mwenyewe. Mwalimu anasaidia, lakini kitendo ni cha mwanafunzi. Mkiandika "walijifunza", mmewapa heshima ya kuwa watendaji, na mmejifunga kueleza walijifunza nini hasa.

Mwalimu lenyewe ni muʿallim wa Kiarabu. Wazee wetu walisikia ile mu- ya mwanzo, wakaichukua kuwa kiambishi cha mtu, wakapata walimu na ualimu. Mzizi huohuo umo katika maalumu, taaluma na mtaalamu.

Sasa mwenye ripoti mezani afanye hivi. Afute "60 wameelimika", aandike "60 walihudhuria", kisha ataje walichofundishwa, kwa saa ngapi. Arudi baada ya mwezi, awatazame wakiwa kazini. Akikuta 12 wanakifanya kile kitu bila kusimamiwa, hao 12 ndio awaandike wameelimika.

Mzee wenu