Barua ya malalamiko kuhusu bamba la akriliki lililouzwa kwa jina lisilo lake

Chake Chake, Pemba
19 Agosti 2024

Kwa Meneja wa Mauzo,
Unguja

YAH: BAMBA LA AKRILIKI LISILOLINGANA NA RISITI, NA TANGI LILILOPASUKA

Ndugu Meneja,

Assalaamu alaykum. Naandika baada ya kupiga simu kwenu mara nne na kutuma picha zaidi ya ishirini. Jibu la mwisho nililopewa na kijana wenu wa mauzo lilikuwa methali: "Mchagua jembe si mkulima." Methali hiyo naijua, nimelelewa nayo. Lakini mimi niliagiza jembe, nikaletewa kitu kingine kilichotiwa mpini.

Tarehe 3 Juni 2024 niliagiza kwenu bamba moja la akriliki, ile plastiki ngumu angavu kama kioo, futi nne kwa nane, unene wa milimita 12. Nikaandika wazi kwamba nataka lile linalomiminwa kwenye kalibu, si lile linalosukumwa na mashine kama tambi. Niliandika hivyo hivyo, "kama tambi", ili asije mtu akasema hakufahamu. Risiti yenu inasema "akriliki ya kalibu, mm 12", shilingi 780,000, na chupa moja ya gundi ya akriliki, ile nyepesi kama maji, shilingi 45,000. Meli mpaka Mkoani na gari mpaka Chake zikanila 35,000 nyengine.

Kazi yenyewe ilikuwa tangi la samaki la mgahawa mmoja wa hapa mjini: urefu sm 120, upana sm 50, kimo sm 45. Bamba moja linatosha kwa tangi hilo, lakini halibakishi kitu kikubwa. Mbele, nyuma, chini na mkanda wa juu unaozishika kuta zisitune vinakula sm 190 kati ya 244, na kile kilichobaki kinatoa mbavu mbili za pembeni. Kwa hiyo sikuwa na kipande cha kurudia ukuta nikikosea. Akriliki niliichagua kwa sababu kioo cha unene huo huo kina uzito zaidi ya mara mbili, na anayeijua bahari ya Nungwi atafahamu kwa nini sikutaka kukivusha.

Bamba lilipofika nililiona jepesi. Akriliki ya mm 12 kwa ukubwa huo inatakiwa iwe na kilo 42 na ushei. Jirani yangu ana mizani ya kupimia karafuu, tukalipima humo: kilo 35 na kidogo. Nikachukua kipimo cha chuma, nikapima pembe zote nne. Milimita 10. Nikakupigieni simu siku ile ile, nikaambiwa milimita mbili si kitu. Ni kitu, bwana. Tangi hilo linachukua lita 240 hivi, na likijaa ukuta wa mbele peke yake unasukumwa kwa nguvu inayopita uzito wa kilo 100, usiku na mchana. Lakini mteja alikuwa ananisubiri, na kwa kimo kile, ukitia mkanda mzuri wa juu, mm 10 ingestahimili kwa taabu. La kwanza hilo nikalimeza.

La pili ndilo lililoniandikisha barua hii.

Nilipoanza kukata, msumeno ukawa unanata. Akriliki ya kalibu hutoa chenga kavu, unazifagia na kazi inaendelea. Hii ilitoa nyuzi ndefu zilizoyeyuka, zikajizungusha kwenye meno ya msumeno kama ubani. Hapo ningesimama, na sikusimama. Nilijiambia pengine msumeno ni butu, nikanunua mwengine. Kosa la kutosimama ni langu na nalikubali mbele yenu, ili msije mkanitajia nyinyi.

Baada ya hapo kila hatua niliifanya kama inavyotakiwa, na naieleza kwa sababu mmesema mkono wangu ndio mbovu. Kingo za kuunganishia nilizinyoosha kwa mashine, nikazikwangua mpaka alama za meno zikaondoka. Sikuzipitishia moto. Najua wapo wanaozing'arisha kwa moto kabla ya kuunganisha, na najua kwamba moto huo huacha mkazo ndani ya ukingo, gundi ikigusa tu unachanika. Pini nyembamba za kushonea nilizipanga kwenye kila kiungo ili paachike nafasi ya unywele, nikatia gundi kwa bomba la sindano, ikajivuta yenyewe mpaka mwisho wa kiungo. Nikahesabu nusu dakika na zaidi kidogo, nikachomoa pini moja moja, uzito wa bamba ukafanya kazi yake. Gundi hii haigandishi kama gundi ya mbao. Inayeyusha nyuso mbili na kuzifanya moja. Ndiyo maana aina ya plastiki ni kila kitu, na ndiyo maana sentensi ya kijana wenu, "akriliki ni akriliki", imenikera kuliko hasara yenyewe.

Siku ya pili nikaona nywele. Nyufa ndogo, nyembamba, zimesimama sambamba kando ya viungo vyote vinne vya chini, na nyengine kwenye pembe za mkanda wa juu, ijapokuwa pembe hizo nilizizungusha kusudi ili ufa usipate pa kuanzia. Nikakutumieni picha. Jibu la kwanza likawa: huo ni unyevu wa Pemba.

Unyevu naujua. Ukiunganisha akriliki wakati wa masika, gundi inavyoruka inapoza kiungo, umande unaingia, na kiungo kinatoka cheupe kama tui. Weupe huo nimewahi kuupata miaka ya nyuma, ndiyo maana safari hii nilingoja kipupwe, nikafanya kazi mchana na upepo mkavu. Viungo vyangu ni angavu. Mnaweza kusoma gazeti kupitia kiungo. Nywele si weupe. Nywele ni mkazo uliofungiwa ndani ya bamba tangu kiwandani, pale plastiki iliposukumwa na kuvutwa ikiwa moto kisha ikapoa kabla haijatulia. Gundi inaufungulia mlango tu.

Jibu la pili likawa: ungelipasha joto kwanza. Ni kweli, bamba lenye mkazo hutulizwa kwa kupashwa nyuzi joto 80 hivi kwa saa kadhaa na kuachwa lipoe polepole. Tanuri la mita moja na sentimita ishirini mimi nitalitoa wapi Chake? Na kwa nini anishauri dawa ya ugonjwa anaosema bamba halina?

Jibu la tatu ninalo kwenye simu yangu, kwa maandishi, la tarehe 22 Julai: "Hizo ni za juu tu, jaza maji." Tangi lilikuwa limekaa siku saba tangu kuunganishwa. Nikaliweka uani juu ya meza iliyopimwa kwa pima maji, chini nimetandika godoro jembamba la sponji, nikajaza. Jioni ukuta wa mbele ulikuwa umetuna kidogo. Saa nane za usiku tukasikia mlio kama wa mti unaovunjika. Pembe ya kulia ilikuwa imefunguka kutoka chini mpaka juu, na lita 240 zimepita kwenye banda la kuku. Kuku wako salama, ila hawajaniamini tena. Namshukuru Mungu halikuwa mgahawani, mbele ya watu na waya za umeme.

Sikutaka kukutuhumuni kwa kukisia. Nilikata kipande cha mraba, milimita 100 kwa 100, nikakitia alama ya mshale, nikaenda kwa muoka boflo akanikubalia kukitia tanurini moto ulipokwisha kupungua. Akriliki ya kalibu ikipashwa mpaka ilainike hurudi nyuma kidogo tu, na pande zote sawa. Kipande chenu kimetoka mm 96 upande mmoja na mm 101 upande wa pili. Kimefupika upande ule ule kilikovutwa na mashine. Ninacho, na mshale wake unaonekana. Karatasi ya kufunikia bamba pia ninayo, na haina jina la kiwanda wala aina ya bidhaa. Kwa hiyo hata nyinyi sijui mlijuaje la kuandika kwenye risiti. Nahisi na nyinyi mmeuziwa mbuzi kwenye gunia, kisha mkaniuzia mimi gunia na mbuzi wake.

Ninachodai ni shilingi 860,000, yaani bei ya bamba, gundi na usafiri. Au bamba jengine la kalibu lenye mm 12 kamili, lenye jina la kiwanda kwenye karatasi yake, lifikishwe Mkoani kwa gharama zenu, pamoja na chupa ya gundi. Kazi ya mikono sidai, ijapokuwa siku mbili nzima nilizisugulia kingo za nje kwa msasa wa maji, namba 400 mpaka 2000, zikang'ara kama kioo. Kijana wenu aambiwe hilo.

Nawapeni siku 14 tangu kupokea barua hii. Zikipita bila ya jibu la maandishi, faili lote, pamoja na ujumbe wa tarehe 22 Julai, nitalipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara Zanzibar.

Vipande vya tangi nimevifunika turubai uani. Mkitaka kuvikagua, tumeni mtu anayejua kazi, aje na kipimo chake mwenyewe. Nijulisheni siku ya meli nimpokee Mkoani.

Wassalaam,

Mteja wenu, fundi wa matangi
Chake Chake, Pemba