Mhariri, tuandikieni bei ya viazi kwa kilo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua. Mimi ni mkulima wa viazi mviringo hapa Njombe, na gazeti lako hunifikia kila wiki, hata kama limechelewa siku moja au mbili. Nina ombi kuhusu ukurasa wenu wa bei za mazao. Ila ombi lenyewe nililipata kwenye mchezo wa simu, kwa hiyo nitaanzia huko.

Juni mwaka jana niliteleza nikitoka kuchota maji, nikavunjika kifundo cha mguu. Wiki sita za plasta, na baridi ya Njombe mwezi wa sita kila mtu anaijua. Nilikuwa wa kukaa tu pembeni ya jiko la mkaa. Mjukuu wangu wa kidato cha pili alikuwa likizo, akaniwekea kwenye simu mchezo wa shamba ili nisikae nikiwaza. Unaitwa Hay Day, umetengenezwa na kampuni ya Supercell ya Ufini, na umekuwapo tangu 2012. Unalima, unafuga kuku na ng'ombe, unaoka mikate, kisha unapanga bidhaa kwenye kibanda chako kando ya barabara. Wanaokuja kununua ni watu kweli, wachezaji wenzako kutoka nchi yoyote ile. Hapo kwenye kibanda ndipo paliponikolea. Kilimo chao hakikunifundisha kitu, maana ngano inaiva kwa dakika 2 na haijui ukungu wala mvua ya mawe. Kilichonifundisha ni kupanga bei.

Kibanda kinakwenda hivi. Unagusa kasha tupu, unachagua bidhaa, unaweka idadi, mwisho 10 kwa kasha, halafu unataja bei. Simu yenyewe inakupendekezea bei, nawe unaweza kuishusha mpaka sarafu 1 au kuipandisha mpaka bei kikomo, kama ile ya mafuta inayotangazwa kila mwezi na EWURA, mamlaka ya nishati na maji. Ngano 10 mwisho wake sarafu 36. Yai 18. Mkate 21. Ukitaka wageni waje, unatangaza kwenye gazeti. Ndiyo, Mhariri, humo nako kuna gazeti, na tangazo la bure unapata moja kila dakika 5.

Kasha langu la kwanza niliweka ngano 10 kwa bei iliyopendekezwa na simu. Sijainua macho, zimeshanunuliwa. Nikafurahi. Mjukuu wangu akaniuliza, "Bibi, zimeondoka haraka hivyo, huoni kama umeuza rahisi?"

Miaka zaidi ya ishirini nimeuza viazi na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Kwetu mnunuzi akifika na lori na kumaliza mzigo wote siku moja, tunamshukuru Mungu na kwenda kulala.

Nikaomba daftari. Mkate mmoja unakula ngano 3. Ngano 3 kwa bei kikomo hazifiki sarafu 11, na mkate ni 21, basi dakika 5 za tanuri zinaniletea sarafu 10 za ziada. Lakini ngano 2 na hindi 1, ambazo kwa pamoja hazizidi sarafu 15, zinasagwa kuwa mifuko 3 ya chakula cha kuku. Kila mfuko ni yai moja. Mayai 3 ni sarafu 54, ila lazima usubiri dakika 20. Niliandika hesabu hizo kurasa nne. Ndipo nikaona bei ina mambo matatu ndani yake: kilichotumika, muda uliosubiri, na nafasi ghalani. Nafasi ndiyo niliyochelewa kuielewa. Ghala la mazao linaanza na nafasi 50 tu, na likijaa huwezi kuvuna, hata kama shamba zima limeiva. Kwa hiyo siku nyingine inabidi uuze ngano chini ya bei yake ili upate pa kuweka kilicho bora.

Kuna watu walinisumbua sana akilini. Waliuza ngano 10 kwa sarafu 1. Nilidhani wamekosea. Kumbe ukivuna, mara mojamoja unaokota vifaa vya kupanulia ghala, kama bolti, mbao na misumari, na vifaa hivyo hata ukiviweka kwa bei kikomo havimalizi dakika. Mtu wa namna hiyo anapanda ngano kwa ajili ya vifaa, na ngano yenyewe kwake ni mzigo. Mwenye ngano ya kuuza akishindana naye kwa bei ataumia bure. Niliacha kuuza ngano, nikahamia kwenye mayai na krimu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Siku moja nilikuwa natazama kasha la mtu: picha ya yai, namba 10, na bei chini yake. Nikawaza, huyu hana namna ya kuweka mayai 14 akaandika 10. Wala mimi mnunuzi siwezi kumlazimisha aweke 14 kwa bei ya 10. Idadi imeshikwa na mchezo wenyewe, hakuna mwenye mkono wa kuisogeza, na ndiyo maana hesabu zangu za kurasa nne zilikuwa zinatoka sawa. Nikafunga simu. Nilikuwa nimeikumbuka lumbesa.

Kwa msomaji wa mjini ambaye huviona viazi vikiwa vimeshamwagwa sokoni: lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kipande kingine cha gunia juu, kikajazwa nacho mpaka kinasimama kama kichwa. Linabebwa na kuuzwa kwa jina la gunia moja.

Novemba, mguu ukiwa umepona, nilichimba viazi vya vinyungu, yaani bustani za bondeni. Mnunuzi alikuja na watu wake wa kujaza. Tulivutana bei karibu saa nzima, yeye 58,000, mimi 62,000, tukakutana 60,000 kwa gunia. Magunia yalifika 18. Wakati lori likisubiriwa, nilikwenda kuazima mizani ya kuning'iniza inayotumika kupimia parachichi, vijana wawili wakanisaidia kuning'iniza gunia moja kwenye mti wa mlangoni. Mshale ukasimama kwenye kilo 138. Tukalishusha, tukalipandisha tena. 138.

Nilikaa chini na daftari lilelile la mayai. Mimi kichwani gunia lilikuwa la kilo 100, basi nilikuwa nimeuza kilo kwa shilingi 600. Kumbe nimeuza kwa 435. Yale mengine yalijazwa na mikono ileile, kwa hiyo nikayahesabu sawa na hilo moja: kilo 2,484, ambazo ni karibu magunia 25 ya kilo 100. Nimelipwa 1,080,000. Kwa 600 ningelipwa 1,490,400. Saa nzima nilipigania shilingi 2,000 kwa gunia, ambazo kwa mzigo wote ni 36,000, huku 410,400 zimeshonewa juu ya magunia yangu mbele ya macho yangu.

Nilimwambia mnunuzi. Hakunifokea. Alisema, "Mama, gunia ni gunia. Kama hutaki, nakwenda kwa jirani." Nikauza. Simlaumu yeye peke yake, maana kwetu nauli ya lori inahesabiwa kwa gunia, mpakiaji analipwa kwa gunia, na ushuru unatozwa kwa gunia. Anayebeba magunia 18 manene analipa kidogo kuliko anayebeba 25 ya halali. Migongo ya vijana wanaoyapandisha kwenye lori ndiyo inayolipa hiyo tofauti, na mkulima.

Sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ipo, na Wakala wa Vipimo wamekuwa wakisema miaka yote kwamba gunia lisizidi kilo 100. Mkulima huyuhuyu wa Njombe akiuza parachichi anapimiwa kwa kilo. Akipeleka majani mabichi ya chai, kilo. Akirudi kwenye viazi anapimiwa kwa macho. Hakuna asiyejua kutumia mizani huku, tatizo ni kwamba mmoja akisimama kuidai peke yake, lori linapiga honi kwa jirani. Ni kama yule mwenye mayai 10 angeambiwa aongeze manne, na kibanda cha pili kimeshaongeza.

Ndiyo maana naandika kwako, Mhariri. Ukurasa wenu wa bei huandika: viazi mviringo, gunia, shilingi kadhaa. Mnunuzi huja na bei hiyo mdomoni, na mimi huikubali kwa kuwa nimeisoma gazetini. Lakini gunia la gazetini tunalichukulia kuwa la kilo 100, na la shambani ni 138. Bei moja, vitu viwili. Naomba muandike kwa kilo. Ikiwezekana, safu moja ya bei ya shambani na nyingine ya bei ya sokoni mjini, zote kwa kilo, hata kama ni kwa viazi, vitunguu na mahindi tu kwa kuanzia. Mkulima mwenye bei ya kilo mkononi lazima atauliza gunia lina kilo ngapi, na jirani yake aliyesoma ukurasa uleule atauliza hivyohivyo siku hiyohiyo. Hapo lori litapiga honi kwa nani?

Naomba pia viongozi wa vijiji vyetu watusaidie kuweka mizani moja ya jumuiya pale magari yanapopakilia. Sisi wanawake wa kikundi chetu tumeshaanza kuchanga, na tuko 14. Bado hatujafikia bei yake, ila tumekubaliana kwamba atakayekuja kununua kwa mmoja wetu atapimiwa mlangoni kwake kwa mizani hiyo, na mnunuzi akikataliwa na mmoja wetu, hakuna mwingine wa kumkimbilia.

Mjukuu wangu amerudi shule na mchezo sasa naucheza mara mojamoja usiku. Viazi nilivyopanda Desemba vimeshatoa maua, na tukijaliwa tutachimba Machi. Kama ukurasa wa bei za kilo unaweza kuanza kabla ya hapo, nitawasomea wenzangu kikundini kila gazeti likifika.

Mkulima wa viazi mviringo,
Njombe