Somoe, Palma bado

Mtwara, Magomeni

Dada Somoe,

Salaam nyingi. Sisi wazima, bibi anakohoa kidogo lakini anakula. Najua umenuna kwa kimya changu, na una haki. Wifi yako kajifungua salama, mtoto wa kike. Mengine atakusimulia mwenyewe.

Nimesikiliza ujumbe wako kuhusu hela za kikoba. Unataka tununue saruji na mabati tupeleke Palma, kule Cabo Delgado, Msumbiji, kwa kuwa vita vimekwisha, Wafaransa wamerudi na gesi yao, na tukichelewa tutakuta wenzetu wameshajaza maduka. Shemeji naye anasema askari wa Rwanda waliokwenda kupigana na magaidi huko wamemaliza kazi. Kazi ipi, Somoe?

Sikatai walichofanya. Walianza na askari 1,000, Julai 2021, na tarehe 8 Agosti Mocímboa da Praia ikakombolewa, mji ambao wale magaidi waliukalia mwaka mzima. Mama wa Palma anayekaa kwangu akisikia Rwanda imetajwa huwaombea dua. Watu wengi wamerudi kwao, na anayebeza hilo simwelewi.

Lakini tazama baada ya hapo. Magaidi wamefukuzwa pwani, wakaingia porini. Mei 2024 waliuvamia mji wa Macomia wakati majeshi ya SADC, ya nchi za kusini mwa Afrika, yakiwa yanafunga virago. Julai 2025 wakashuka mpaka Chiúre, kusini mwa jimbo hilo, na watu zaidi ya 50,000 wakayahama makazi yao kwa muda mfupi tu. Tangu Oktoba 2017 wamekufa zaidi ya watu 6,000. Mradi wa gesi ni wa dola bilioni 20 na Afungi, kwenye eneo la mradi karibu na Palma, inalindwa usiku na mchana. Umoja wa Ulaya umewachangia Wanyarwanda yuro milioni 20, kisha 20 nyingine. Sawa, askari lazima ale. Ila mkulima wa Macomia anayeogopa kwenda kupalilia muhogo wake, huyo analindwa na nani? Hapo ndipo mimi na shemeji hatuelewani. Yeye akiona mji umekombolewa anaona vita vimeisha.

Na huyu mama, nikueleze. Binti yake walimchukua Machi 2021, Palma ilipovamiwa. Mpaka leo analala na gauni la kutokea, kitambulisho kakifunga kwenye pindo la kanga, pembe zake zimelika kwa jasho. Pikipiki ikipita usiku anakaa kitako mpaka sauti ipotee. Nduguze wanamwita arudi. Anasema atarudi siku atakapoambiwa binti yake yuko wapi. Gharama hiyo sijasikia mkubwa yeyote akiitaja, wa Maputo wala wa Paris.

Sisi wenyewe pia tusijisahau. Oktoba 2020 magaidi walivuka mto Ruvuma wakachoma nyumba Kitaya, kijiji cha huku kwetu Mtwara, na mwaka uliofuata maelfu ya watu waliokimbilia kwetu wakarudishwa Msumbiji kupitia mpaka wa Negomano, wengine wanawake na watoto. Linaniuma hilo hadi leo.

Tena Wanyarwanda hawawezi kukaa milele. Wavuvi wa kijiji cha Quitupo, pale Afungi, walihamishwa kupisha mradi, wakapelekwa mbali na bahari. Kijana wa hapo akikosa bahari na kazi ya Afungi nayo akaisikia tu redioni, unadhani anayekuja kumshawishi atapata taabu? Mimi naona vita hivi vitapungua huko kwenye ajira na mashamba kabla ya…  basi, tutaongea ukija.

Kwa hiyo hela za kikoba zisiende. Mle mna ada za watoto wa watu na matibabu ya Mama Hawa. Kama una hamu sana, tuanze na fedha zetu mimi na wewe, vitenge na sabuni, mzigo mdogo, tuuze Kilambo hapa hapa mpakani kwa fedha taslimu. Saruji ingoje.

Hivi huyo mtu aliyekuambia njia ni salama, amefika Palma mwenyewe au kasikia? Alilala huko? Nani atabeba hasara mzigo ukichomwa? Shemeji yuko tayari kuisaini hiyo hasara kwa jina lake? Mwenyekiti wa kikoba umeshamwambia, au bado? Unaweza kuniulizia pale Dar ofisi inayopokea majina ya watu waliopotea, ili nimwandikishe yule binti? Na utakuja kabla ya Ramadhani au baada?

Wako,
Mama Rehema