Mlima uliopinduliwa

Phoenix, Arizona
22 Februari 2026

Mgumu mwenzangu wa enzi zetu za kubeba mizigo Kilimanjaro,

Salaam nyingi kutoka huku jangwani. Mama mfikishie shikamoo yangu, na mwambie ile sweta aliyonifumia bado ninayo, ingawa kwa joto la mji huu naivaa siku kumi kwa mwaka. Sisi tu wazima, kazi ghalani zinaendelea, mgongo ndio unaolalamika kidogo.

Nimesikiliza zile sauti zako tatu za juzi usiku. Ningekujibu kwa sauti vilevile, ila nakujua: ungesikiliza nusu, ungecheka, halafu ungepanda gari la wageni uende zako getini. Kwa hiyo naandika. Kaa chini usome mpaka mwisho.

Unasema unakuja Julai, na kitu cha kwanza unachotaka ni Grand Canyon, lile korongo kubwa la huku Arizona. Vizuri. Unasema tutashuka mpaka mtoni asubuhi, tunawe uso, na jioni tuwe tumesharudi juu tunakula. Halafu ukamalizia kwa lile cheko lako: "Mita elfu moja na mia tatu ni kitu gani kwa mtu wa Kibo?"

Nisamehe, ndugu yangu. Julai hapana. Na mtoni kwenda na kurudi siku moja, hapana kabisa.

Hesabu zako si mbaya. Kwa njia ya Bright Angel, kutoka ukingo wa kusini mpaka Mto Colorado ni kama mita 1,340 za kushuka, na kutoka kambi ya Barafu mpaka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, ni mita 1,222. Karibu sawa. Tofauti ni kwamba ule usiku wetu wa kilele unapanda kwanza, ukiwa na nguvu zako na baridi yako, na mwili wenyewe unakwambia mapema kama leo haiwezekani. Wewe umewageuza wageni wangapi pale Stella, karibu na kilele, kwa kuwaangalia midomo tu? Huku mlima umepinduliwa. Kilele kiko chini. Unashuka ukipiga soga, magoti laini, kila hatua inakuja bure, na kila hatua unaikopa. Deni unaanza kulilipa saa sita mchana, umeshachoka, jua liko utosini, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Juu ukingoni kiangazi unaweza kukuta nyuzi 28 na upepo mzuri. Chini mtoni, siku hiyohiyo, zinavuka 40 kivulini, na kivuli chenyewe ukitafute.

Usidhani nakuhubiria. Hayo yote nilikuwa nayo kichwani mwaka jana mwishoni mwa Mei, na bado nikafanya upuuzi.

Nilikwenda na jamaa mmoja wa Bukavu, Kongo, tunayefanya naye kazi. Tulitoka Phoenix usiku, ni mwendo wa saa tatu na nusu hivi. Tulipofika kwenye ukuta wa mawe, yule bwana akasogea, akaangalia, akarudi nyuma hatua mbili. Kimya. Halafu akaniuliza, "Sasa mulima iko wapi? Mi naona shimo tu." Sikuwa na jibu. Ule si mtaro wala bonde kama tunavyoyajua. Ni kama mtu kaichukua nchi nzima akaipasua, na ndani unaona matabaka: jeupe, la njano, jekundu, mpaka jeusi kule chini kabisa. Mwamba wa juu unaoukanyaga una kama miaka milioni 270, na ule wa chini karibu na mto umepita bilioni moja na nusu. Mto wenyewe kutoka pale tuliposimama ulikuwa uzi tu, na sehemu nyingi hauonekani.

Tukachukua njia ya South Kaibab. Gari lako haliruhusiwi kufika mwanzo wa njia ile. Unapanda basi la hifadhi, la bure. Pale mwanzoni alikuwa amesimama mama mmoja mtu mzima, kavaa kofia, ni mmoja wa watu wanaokaa hapo kuongea na watembeaji kabla hawajajiingiza matatani. Hakutukataza kitu. Alituuliza tu: mnakwenda mpaka wapi, mna maji lita ngapi, na chakula cha chumvi mnacho? Nikamjibu kwa majivuno, nikamwambia mimi natoka Kilimanjaro. Akatabasamu, akasema Kilimanjaro ni kuzuri, ila njia hii haina tone la maji mpaka chini. Akarudia: hata tone. Tulikuwa na lita mbili kila mtu, na mpango wetu ulikuwa Cedar Ridge, kilomita mbili na nusu hivi, tugeuze.

Cedar Ridge tulifika kama mchezo. Hapo kuna vyoo na uwanja wa vumbi jekundu, basi. Nikaweka begi chini nipige picha. Niligeuka dakika moja, mgumu, moja tu, nikakuta kindi kaingia kichwa na kifua ndani ya mfuko wa pembeni, mkia unachezacheza nje. Kachana karatasi, katoa chapati. Chapati zangu za maji nilizopika saa nane usiku! Nikampigia kelele, akaniangalia vilevile mgeni wa daraja la kwanza anavyomwangalia mbeba mizigo, akaendelea kula. Kuwapa chakula ni marufuku, na wanang'ata, kwa hiyo sikuthubutu hata kumsogelea. Mimi niliyelala hifadhini Tarangire nje ya hema, nimeporwa na kindi. Jamaa wa Bukavu alicheka mpaka akakaa chini.

Pale ndipo tulipotakiwa kugeuza. Lakini miguu ilikuwa mizuri! Saa ilikuwa bado tatu na nusu asubuhi, kuna kaupepo, mbele njia inakwenda juu ya mgongo wa mwamba kama mtu anatembea kwenye kuta za angani, na watu wanasema mbele kidogo tu, Skeleton Point, unauona mto. "Kidogo tu." Nani asiyejua neno hilo? Sisi ndio tuliokuwa tunawadanganya nalo wageni.

Tukiwa njiani tulikutana na msafara wa nyumbu. Wewe utafikiria nyumbu wa Serengeti. Hawa ni wale wana wa punda na farasi, wanabeba mizigo na watu mpaka mtoni. Wakija unasogea upande anaokuambia mwenye msafara, unasimama kama nguzo, huongei. Nilimwangalia mmoja akipita, jasho limechora mistari myeupe ubavuni, kwato zinatafuta jiwe moja moja, macho hayana haraka. Nikajisemea, huyu hapa ndiye mgumu pekee wa mlima huu. Maana hilo nalo ujue: huku hakuna mpagazi, hakuna mpishi, hakuna kijana wa kubeba choo, hakuna anayekuamsha kwa chai. Hata mwongozaji si lazima. Kwetu bila mwongozaji mwenye leseni hupiti getini. Huku mzee wa miaka 70 unamkuta peke yake, begi mgongoni, hema, jiko, kila kitu kabeba mwenyewe, na mfuko wa plastiki unaning'inia nyuma wenye takataka zake. Mwanzoni niliona ni ubahili. Siku hizi nawaheshimu.

Mto tuliuona. Kipande kidogo cha kijani kule chini, kizuri mno, sitakudanganya. Tukakaa, tukapiga picha, tukanywa maji kama ya bomba. Tulipoinuka saa tano, nilishika chupa nikasikia ilivyokuwa nyepesi, moyo ukanipasuka. Ilikuwa robo.

Kupanda kule sikusimulii kote. Ni mita 620 tu mpaka juu, wewe kwa desturi ungezimaliza ukiwa unaimba. Lakini ile njia inaangalia jua, mwamba unakurudishia moto usoni, na zile ngazi za magogo zimepimwa kwa miguu ya mtu mrefu kuliko mimi. Nilianza ule mwendo wetu wa pole pole, na bado moyo unapiga kwenye masikio. Karibu na Cedar Ridge mwenzangu akasimama. "Ndugu, magulu inakatala." Msuli wa paja ulikuwa umejikunja, unauona unacheza chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia. Maji alikuwa amekunywa sana, chumvi hana. Tena hapo ndipo nilipoelewa swali la yule mama wa asubuhi: ukimwaga jasho siku nzima ukarudisha maji matupu, unaiosha chumvi yote mwilini, na hilo nalo linaweza kukulaza hospitali.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja aliyekuwa anapanda na mjukuu wake. Hakuuliza mengi. Alitoa pakiti ya biskuti za chumvi, akatugawia maji nusu lita kutoka kwenye begi lake, akamwagia mwenzangu mengine kwenye fulana, shingoni na kifuani, akatukalisha kwenye kivuli cha mti mmoja mkavu mpaka jua lilipolegea. Saa kumi na nusu tukatoka juu. Kilomita kumi kasoro za siku nzima, na nilitembea kama nimetoka Uhuru na homa.

Kwa hiyo nisikilize mpango wangu.

Njoo Oktoba badala ya Julai. Kama tiketi ya Julai umeshakata, basi tukae ukingoni, tutembee Rim Trail, ambayo sehemu kubwa ni tambarare, tuangalie jua linavyozama, na utakuwa umeona vya kutosha. Ukija Oktoba tutalala chini. Kulala kunahitaji kibali, na nafasi hazitoshi watu, zinapigiwa bahati nasibu miezi kadhaa kabla, kwa hiyo nipe tarehe zako mapema. Tutashuka South Kaibab alfajiri, tulale kambi ya Bright Angel karibu na mto, kesho yake tupande Bright Angel, ndefu zaidi lakini ina maji sehemu sehemu. Usiku wa pili tulale katikati ya njia, Havasupai Gardens.

Hapo nataka tukae kidogo. Ni mahali penye kijito na miti mirefu ya kijani katikati ya mwamba mkavu, ukifika unasikia majani kabla hujayaona. Wahavasupai, wenyeji wa asili wa pale, walilima mahindi na maharage tangu zamani. Hifadhi ilipoundwa mwaka 1919 wakabanwa, na wa mwisho wao akaondolewa 1928. Kwa miaka mingi pakaitwa Indian Garden, yaani bustani ya Wahindi Wekundu, kama vile wenye shamba hawakuwa na jina, mpaka 2022 ndipo jina lao likarudishwa kwenye ramani. Nilisoma hayo kwenye bango nikakumbuka baba yako alivyokuwa anatusimulia Wamasai walivyoondolewa Serengeti mwaka 1959. Nikatamani ungekuwepo, maana mwenzangu wa Bukavu alinisikiliza kwa adabu tu.

Sasa pesa. Hii utacheka. Unakumbuka wageni walivyokuwa wanatung'ang'ania getini, kwa nini raia alipe shilingi kidogo na mimi dola lukuki? Basi na huku wameanza. Tangu tarehe 1 Januari mwaka huu, asiye mkazi wa Marekani analipa dola 100 juu ya kiingilio cha kawaida katika hifadhi 11 zenye watu wengi, na Grand Canyon imo. Au anunue kadi ya mwaka kwa dola 250. Mimi mkazi naipata kwa 80. Nilipoisoma habari hiyo nilikuona wewe umesimama dirishani unauliza kwa nini. Utalipa, mzee, na hakuna wa kumlalamikia. Nusu nitachangia mimi.

Viatu njoo na vyako ulivyovizoea, vipya usinunue. Fimbo ninazo jozi mbili, na kwa kushuka utazihitaji kuliko ulivyowahi kuzihitaji kwetu. Begi lako pima kilo kumi, usijitie ujana wa kubeba ishirini kama enzi za njia ya Machame, hapa hakuna wa kukupa bahashishi mwisho wa safari. Chakula nitapanga mimi: korosho za chumvi, nyama kavu, na chapati, ambazo safari hii zitakaa kwenye kopo la bati lenye mfuniko. Yule kindi nadhani bado yupo.

Ukifika pale mwanzo wa njia na ukamkuta yule mama wa kofia, tafadhali usimwambie unatoka Kilimanjaro. Mjibu tu lita ngapi.

Niletee kahawa ya nyumbani, iliyokaangwa na kusagwa, nusu kilo inatosha. Na ile kofia yangu ya sufu niliyoiacha kwako kwenye msumari nyuma ya mlango, kama panya hawajaila. Alfajiri ya Oktoba kule ukingoni inauma masikio.

Nijibu kwa maandishi, si kwa sauti.

Ni mimi, mgumu wako wa zamani