Silinda hedi ikichongwa, chemba zake zipimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze mafundi wenzangu na wenye magari wa Unguja na Pemba juu ya kipimo kimoja ambacho gereji zetu nyingi hukiruka wakati wa ovahoo, yaani matengenezo makubwa ya injini, nacho ni ujazo wa chemba ya mwako, ule uwazi wa ndani ya silinda hedi (kifuniko cha chuma cha juu ya silinda za injini) ambamo hewa na petroli huwakia.

Injini ikichemka sana, hedi hupinda, na hedi iliyopinda hupelekwa kwa mchonga vyuma ikasawazishwe. Hilo ni sawa. Lililo baya ni kuirudisha kwenye bloku, yaani mwili wa injini wenye silinda, bila ya kujua chemba zimepungua kiasi gani. Tuchukue injini ya Toyota 1NZ-FE, ambayo mafundi wengi wanaijua: kipenyo cha silinda ni milimita 75, mwendo wa pistoni ni milimita 84.7, na uwiano wa mgandamizo wa kiwandani (ujazo wa silinda pistoni ikiwa chini kabisa ukigawanywa kwa ule unaobaki ikiwa juu kabisa) ni 10.5 kwa 1. Kwa hesabu hiyo, pistoni inapofika juu kabisa hubaki nafasi ya mililita 39.4 hivi, pamoja na ile ya gasketi, ule utando wa kuziba baina ya hedi na bloku. Ukiondoa nusu milimita ya chuma, na chemba ikawa imeenea karibu duara zima la silinda, zitapotea mililita 2 hivi na uwiano utafika 11. Petroli inayofaa kwa uwiano wa kiwandani huenda isistahamili mgandamizo huo. Badala ya kuwaka kwa utaratibu ikalipuka yenyewe, injini ikatoa mlio wa kugongagonga gari inapopanda mlima na mzigo, na hali hiyo ikiendelea, gasketi huungua au pistoni ikatoboka.

Kupima hakuhitaji mashine ya ghali. Safisha masizi yote, maana nayo hula nafasi, kisha funga vali na plagi ile ile itakayotumika. Laza hedi chali, uso wake unaokaa kwenye bloku ukitazama juu, uinamishe kidogo. Paka grisi nyembamba kuzunguka chemba na ulaze kipande cha plastiki ngumu inayoonesha ndani, chenye tundu dogo upande ulioinuka ili hewa itoke. Jaza bureti (mrija wenye alama za mililita na kifungulio chini) mafuta ya taa yaliyotiwa rangi, yafungulie polepole yaingie kwenye tundu lile mpaka kipovu cha mwisho kiondoke, halafu soma kiasi kilichotoka. Mafuta yakivuja kwenye vali, umeshajua pia kwamba hazikukaa vyema.

Rudia kwa kila chemba. Mara nyingi hazilingani, hasa pale ambapo kiti cha vali kimoja kimesagwa zaidi, vali ikazama na chemba ikapanuka. Kwa maoni yangu, tofauti ya zaidi ya nusu mililita isiachwe: chemba ndogo zikwanguliwe kwa uangalifu zifikie iliyo kubwa, kisha uwiano uhesabiwe upya, na ukizidi itafutwe gasketi nene zaidi ya injini hiyo.

Navisihi vyuo vya mafunzo ya amali, kikiwemo cha Vitongoji, viwape wanafunzi wa ufundi wa magari bureti mikononi na wazoee kazi hii kabla hawajahitimu. Nanyi wenye magari, mkilipia kuchongwa kwa hedi, mwambieni fundi awaandikie ujazo wa kila chemba kwenye risiti.

Fundi wa injini,
Chake Chake, Pemba